Deni la Umeme Linafutika, Mita Inabaki

Mwaka 2025 Ofgem, chombo kinachosimamia soko la gesi na umeme nchini Uingereza, kilipendekeza kufuta sehemu ya madeni ya nishati ya kaya zenye kipato cha chini. Awamu ya kwanza ililenga watu wapatao 195,000 wanaopokea misaada ya serikali inayotolewa kwa kuangalia kipato, wenye deni la zaidi ya pauni 100 lililolimbikizwa kati ya Aprili 2022 na Machi 2024. Kiasi cha kufutwa kilikadiriwa kufikia pauni milioni 500, na gharama yake ingeingizwa kwenye bili za wateja wote, kama pauni 5 kwa kaya. Mjadala uliofuata ungeweza kuuandika kabla haujaanza: kuna waliosema ni huruma iliyochelewa, na kuna waliosema ni zawadi kwa wasiopenda kulipa.

Wote wanazungumza kana kwamba kufuta deni la umeme ni jambo geni. Si geni hata kidogo. Mtu anayefilisika England au Wales hufutiwa deni la gesi na umeme pamoja na madeni ya kadi za benki na mikopo mingine, na sheria imeruhusu hivyo kwa miongo. Kwa hiyo hatuhitaji kubashiri nini hutokea deni la nishati likifutwa. Wapo waliokwishaipita njia hiyo, na yaliyowakuta yanajulikana. Kulifuta deni ni kazi ya siku moja na karatasi chache. Kazi yenyewe huanza kesho yake, kwa sababu mfilisika bado anahitaji taa na jiko, bado ana akaunti kwa kampuni ileile iliyomdai, na mara nyingi ana mita ileile ukutani inayoendelea kumkata pesa. Mpango unaopima mafanikio kwa pauni zilizofutwa utaonekana umefaulu huku watu walewale wakirudi kwenye deni kabla ya majira ya baridi ya pili.

Tukumbuke kwanza madeni haya yalikotoka. Tangu Januari 2019 Ofgem imekuwa ikiweka ukomo wa bei ambao kampuni zinaweza kuwatoza wateja wa kawaida wa majumbani. Kwa kaya yenye matumizi ya wastani, ukomo huo ulikuwa pauni 1,137 kwa mwaka ulipoanza. Kufikia Aprili 2022 ulikuwa pauni 1,971. Urusi ilikuwa imekwishaivamia Ukraine na bei ya gesi ilikuwa imepaa, kiasi kwamba ukomo wa Oktoba mwaka huo ulitangazwa kuwa pauni 3,549. Serikali ikaingilia kati na kushikilia bei kwenye pauni 2,500, ikilipa tofauti. Hata kwa ruzuku hiyo, kaya ilikuwa inalipa zaidi ya mara mbili ya ilivyolipa miaka mitatu na nusu nyuma. Mishahara haikufanya hivyo. Mwaka 2025 jumla ya madeni na malimbikizo ya kaya kwa kampuni za nishati ilikuwa imepita pauni bilioni 4.

Wanaopinga msamaha hupenda kusema aliyekopa lazima alipe, na Kiswahili tunayo methali iliyokaa tayari kwa kazi hiyo: kukopa harusi, kulipa matanga. Ni methali nzuri kwa aliyechukua mkopo akanunua gari. Aliyewasha hita mwezi Januari hakuwa na harusi yoyote. Hakusaini mkataba wa mkopo, wala hakuelezwa riba; alitumia kitu kilekile alichotumia mwaka uliopita, na bei ikabadilika akiwa katikati ya kukitumia.

Sasa tuuangalie ufilisi wenyewe, maana ndiko uelewa unakopungua. England na Wales, anayetaka kujitangaza mufilisi huomba kwa njia ya mtandao tangu Aprili 2016, na hulipa ada ya pauni 680. (Ndiyo, kuthibitisha kwamba huna pesa kunagharimu pesa.) Kwa kawaida ufilisi hudumu miezi 12, kisha mtu huachiliwa na madeni yaliyoingizwa humo huisha. Yapo yasiyofutika, kama faini za mahakama, matunzo ya watoto na mikopo ya wanafunzi ya serikali, lakini malimbikizo ya gesi na umeme hayamo kwenye orodha hiyo. Kwa wenye madeni madogo na mali kidogo iko njia nyepesi zaidi, amri ya unafuu wa madeni, iliyoanza mwaka 2009. Ada yake ya pauni 90 iliondolewa Aprili 2024, na mwezi Juni mwaka huohuo kiwango cha juu cha deni kikapandishwa hadi pauni 50,000. Scotland ina sheria zake. Msingi, hata hivyo, ni uleule: amri ya ufilisi au ya unafuu wa madeni inapotolewa, mdai wa zamani anapoteza haki ya kukufuatilia kwa deni la zamani.

Neno la kushika hapo ni "zamani". Benki iliyokukopesha pauni 6,000 inaachana nawe moja kwa moja. Hutahitaji kuingia mlangoni mwake tena. Kampuni ya umeme haiwezi kuachana nawe, wala wewe nayo, kwa sababu uniti zinaendelea kuhesabiwa usiku uleule amri ilipotolewa. Kwa hiyo sheria inalazimika kuchora mstari: matumizi ya kabla ya tarehe ya amri ni deni la ufilisi, ya baada ya tarehe hiyo ni yako na unapaswa kuyalipa kama mtu mwingine yeyote. Kwenye karatasi mstari huo umenyooka. Kwenye bili haumo. Bili ya robo mwaka inaanza tarehe 3 ya mwezi mmoja na kuishia miezi mitatu baadaye, amri imetoka katikati, na hakuna aliyesoma mita siku hiyo. Kampuni inakadiria. Makadirio ya siku hiyo yakizidi usomaji halisi, deni jipya linakuwa dogo. Yakiwa chini, sehemu ya deni lililofutwa inavuka mpaka kimyakimya na kujitokeza kama matumizi mapya. Mfilisika anapokea barua ya kudaiwa pauni 140 na hana namna ya kujua ngapi kati ya hizo anadaiwa kihalali.

Ndiyo maana ushauri wenye faida kuliko wote kwa anayefilisika ni wa kawaida mno, wala hauhitaji wakili: piga picha ya mita siku ya amri, ya gesi na ya umeme, tarehe ionekane, kisha itume kwa kampuni ukitaka akaunti ya zamani ifungwe kwa namba hizo na mpya ianze hapo. Ningeshangaa kama nusu ya wanaofilisika wanalifanya hili. Siku hiyo mtu anawaza akaunti ya benki, nyumba, na atawaambiaje watoto. Mita ndiyo kitu cha mwisho kukumbukwa. Sioni kwa nini jukumu hilo liwe lake. Mita za kisasa zinatuma usomaji zenyewe, na kampuni hupewa taarifa ya ufilisi kwa sababu ni mdai aliyeorodheshwa. Inayo tarehe na inayo namba. Kinachokosekana ni kanuni inayoilazimisha iziunganishe.

Mita ya malipo ya kabla inaleta tatizo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi ndicho chombo kilichopendwa na kampuni kukusanya malimbikizo: mita inapangwa ikate sehemu ya kila pesa inayowekwa. Unaweka pauni 10, mita inachukua pauni 3 za deni la nyuma, na unabaki na umeme wa pauni 7. Dalali habishi hodi wala barua haiji, na hakimu hayumo. Deni likifutwa kwa ufilisi, makato hayo hayana tena msingi. Ile pauni 3 inalipia kitu ambacho sheria imesema hakidaiwi. Lakini mita haisomi amri za ufilisi. Itaendelea kukata mpaka mtu aibadilishe mpangilio, na mtu huyo yuko ndani ya kampuni inayofaidika na makato. Mufilisi asipopiga simu na kung'ang'ania, deni lililokufa linaendelea kulipwa, na kwa kuwa halionekani kwenye barua yoyote, huenda hata hajui.

Mahakama ya Juu ya Uingereza iligusa suala la jirani na hili Desemba 2011, katika kesi ya Payne. Haikuhusu umeme. Ilihusu wizara ya serikali iliyokuwa ikiendelea kukata misaada ya watu waliopata amri ya unafuu wa madeni ili kujilipa ilichowadai. Wizara ilisema haikuwa inadai chochote. Ilikuwa inalipa kiasi kilichobaki baada ya makato, basi. Majaji walikataa. Kukata kwenye chanzo, walisema, ni njia ya kudai deni kama nyingine, na amri inaizuia. Mtu akisema mita haidai, inauza tu umeme kwa bei yenye makato ndani yake, anarudia hoja iliyokwishakataliwa. Msimamo huo unaeleweka vizuri kwa washauri wa madeni. Kuufikisha kwenye kila mita ndiyo kazi ambayo haina mwenyewe.

Na hata mita ikiwekwa sawa, yapo mengine. Tozo ya kila siku ya kuunganishwa, ambayo kwa umeme peke yake imekuwa zaidi ya peni 50, huendelea kuhesabika hata mita ikiwa haina salio. Aliyekaa siku 10 gizani kwa kukosa pesa akiweka tu pauni 10, sehemu yake humezwa na siku ambazo hakupata chochote. Hilo ni deni jipya, la baada ya amri, ufilisi haulijui. Benki nyingi hufunga akaunti ya mufilisi, na akaunti ikifungwa, malipo ya bili yaliyokuwa yakikatwa humo kila mwezi nayo hukoma. Mteja huyo anahamishiwa kulipa kila bili inapokuja, na chini ya ukomo wa bei njia hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Kampuni pia inaweza kutaka amana kabla ya kuendelea kumuuzia kwa mkopo, au kumpa mita ya malipo ya kabla badala yake. Kama akaunti ilikuwa ya watu wawili, deni lote linamgeukia mwenza ambaye hakufilisika. Mume anafutiwa pauni 1,800, na wiki inayofuata mke anaandikiwa barua ya pauni 1,800. Nyumba ni moja na mfuko ni mmoja, kwa hiyo familia imepata nafuu gani hapo sijui.

Marekani walilitazama jambo hili mapema kidogo. Kifungu cha 366 cha sheria yao ya ufilisi kinakataza kampuni ya umeme, maji au gesi kumkatia mtu huduma au kumbagua kwa sababu tu amefilisika au kwa sababu ya deni la nyuma. Badala yake kampuni inapewa haki ya kudai uhakika wa malipo yajayo, na mfilisika wa kawaida ana siku 20 za kuutoa, kwa kawaida kama amana. Akishindwa, huduma inaweza kukatwa. Kuipata amana hiyo wiki tatu baada ya kufilisika ni shida, lakini angalau sheria yenyewe inakiri kwamba uhusiano unaendelea, na inaweka wazi nani anadai nini na kufikia lini.

Turudi kwa wanaoupinga mpango wa Ofgem. Wana hoja mbili, na si za uzito sawa. Nzito inasema hivi: ukitangaza kwamba madeni ya kipindi fulani yatafutwa, unawafundisha watu kusubiri tangazo linalofuata. Kampuni zinasema tayari zinaona wateja wenye uwezo wanaoacha kulipa wakijua hakuna wa kuwagusa, hasa baada ya Februari 2023, pale gazeti la The Times lilipofichua jinsi mawakala wa kampuni ya British Gas walivyokuwa wakiingia nyumba za watu wanyonge na kuwafungia mita za malipo ya kabla kwa nguvu. Ufungaji wa aina hiyo ulisitishwa nchi nzima, mahakimu wakaagizwa kuacha kutoa vibali, na kanuni mpya kali zikaanza kulazimishwa Novemba 2023. Ilikuwa lazima ifanyike. Lakini ni kweli pia kwamba kampuni ilipokonywa chombo chake kikuu cha kukusanyia, na haikupewa kingine. Anayesema kupanda kwa madeni tangu hapo kunatokana na umaskini peke yake anarahisisha mambo. Ndiyo maana naona ni sahihi msamaha ufungwe kwenye kipindi kilichopita na kwa watu wenye kipato kilichothibitishwa. Ukiachwa wazi, hoja hii itaushinda.

Nyepesi ndiyo inayosikika zaidi: kwamba walipaji waaminifu watabebeshwa mzigo wa wasiolipa. Kana kwamba hawajaubeba! Deni lisilolipika halikai kwenye vitabu vya kampuni likisubiri huruma ya mtu. Linaingizwa kwenye bei. Kuanzia Aprili 2024 Ofgem yenyewe iliruhusu nyongeza ya muda ya pauni 28 kwa mwaka kwenye ukomo wa bei, kwa ajili ya madeni chechefu. Mlipaji mwaminifu aliilipa bila kuulizwa. Halafu kuna upande mwingine wa ufilisi ambao wapinzani hawa wanausahau haraka. Kati ya mwaka 2021 na 2022 kampuni za kuuza nishati zipatazo 30 zilianguka, nyingi zikiwa zimechukua wateja kwa bei ya chini bila kujikinga na kupanda kwa gharama. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali iliripoti mwaka 2022 kwamba gharama ya kuwahamisha wateja wao ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 2.7, karibu pauni 94 kwa kila kaya, na hesabu hiyo haikujumuisha Bulb, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Pauni 94 zililipwa kwenye bili kwa sababu wafanyabiashara walifilisika, na hakuna aliyeandika makala kuuliza kama tunawafundisha wenye kampuni tabia mbaya. Pauni 5 kwa ajili ya kaya ndizo zikazua maswali ya maadili.

Lakini wanaouunga mkono mpango nao hawajajibu swali lililo wazi zaidi: baada ya kufuta, nini? Aliyepata amri ya unafuu wa madeni hawezi kupata nyingine kabla ya miaka 6 kupita. Kumbukumbu ya ufilisi inakaa kwenye rekodi yake ya mikopo kwa miaka 6 pia, ikimfungia nje ya mikataba mizuri kwa muda wote huo. Kama kipato chake kinapungukiwa na bili kwa pauni 30 kila mwezi, ndani ya mwaka ana deni jipya la pauni 360, na safari hii mlango ule umefungwa. Hesabu hiyo haihitaji uzembe wowote wala anasa. Inahitaji tu pengo dogo lisilozibwa. Kufuta deni la mtu kama huyo bila kugusa pengo ni kumrudisha mwanzo wa barabara ileile. Punguzo la pauni 150 kwa mwaka linalotolewa kwa kaya za kipato cha chini, lililopanuliwa kuanzia majira ya baridi ya 2025, halifiki nusu ya pengo hilo.

Hivyo, wakati wa kuandika kanuni za utekelezaji, ningeshughulika kidogo na kiwango cha msamaha na zaidi na mambo ambayo ufilisi umekwishatuonyesha. Akaunti ya zamani ifungwe kwa usomaji halisi wa siku ya uamuzi, na usomaji huo utolewe na kampuni. Makato ya deni kwenye mita yazimwe siku hiyohiyo, kwa mbali pale mita inaporuhusu, na kila senti iliyokatwa baada ya hapo irudishwe bila mteja kuiomba. Msamaha kwenye akaunti ya pamoja uwafikie wote waliomo. Mteja apewe njia ya kulipa isiyo ghali kuliko ya jirani yake, hata kama benki haimtaki. Na kabla faili halijafungwa, mtu akae na hesabu za mteja na kuona kama bili ya mwezi ujao inalipika kwa kipato alicho nacho. Kama hailipiki, bei nafuu kwa wasio na uwezo, jambo ambalo serikali za vyama vyote zimelizungukazunguka kwa miaka, ndilo linalopaswa kuwa mezani. Yote haya yanafaa vilevile kwa waliofilisika kwa njia ya kawaida, ambao hawamo kwenye awamu yoyote ya mpango huu, na ambao hivi sasa wanapaswa kuyapigania mmojammoja kwa simu.